Mtoto Aliyeitwa Wambadani

Kambi ya Barabara, Kibiti
12 Septemba 1999

Kaka Yassin, shikamoo.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa utingo wa basi, imelowa pembeni lakini inasomeka. Huku tu wazima. Mtoto anakaa mwenyewe sasa, na ukimwita jina lake anageuza kichwa kizima kama mtu mzima aliyeshtakiwa.

Unasema Wachina wanunuzi wa kaa wanakuja huko Kikokoni, na wewe ndiye mtendaji wa kijiji, unataka maneno mawili matatu ya kuwapokelea. Nitakupa niliyo nayo. Hakuna aliyenifundisha, kaka. Hawa wa kwetu Kiswahili chao ni "haraka" na "wali" na "bado", basi. Mimi nasikiliza tu. Mwaka wa pili huu napika kambini, mikono iko kwenye sufuria, masikio yako mezani kwao. Neno likirudi mara nyingi naangalia limetoka kinywani mwa nani, na uso wake ulikuwaje.

Neno kubwa kuliko yote ni tamade. Gari likigoma kuwaka wanasema tamade, likiwaka tamade. Supu ikimuunguza mtu ulimi, tamade; ikiwa tamu, tamade vilevile. Nimelipima nikaona ni kama alhamdulillahi yetu, neno la kila hali. Mimi mwenyewe nikishawapakulia nawaambia tamade, nao hucheka na kula vizuri. Lingine ni gwen, maana yake harakisha. Bwana Gao, msimamizi wao, akisema gwen hakuna anayebaki amesimama. Bendani nadhani ni kijana, au kibarua, maana wanaitwa hivyo karibu wote.

Na wambadani unalijua tayari, ndilo jina la mpwa wako, ila sijakusimulia vizuri lilivyopatikana. Mwezi wa tatu walikuwa wanajenga kalavati kwenye lile korongo la kwenda Umwe. Rola ikaanza kuteleza kurudi nyuma, dereva akaruka. Chini kulikuwa na watu wanafunga nondo. Shemeji yako Mshamu akaipanda ikiwa inakwenda, akaikaba breki, ikasimama tairi moja liko hewani. Bwana Gao alikuja mbio, akamshika shemeji yako ukosi wa shati, akamtikisa huku anapiga kelele wambadani, wambadani, kisha akamkumbatia, na machozi yanamtoka. Tangu siku ile hamwiti Mshamu. Anamwita Wambadani, yeye peke yake katika watu sitini. Mimi nilijifungua siku tatu baadaye. Mshamu alisema mtoto hana jina jingine, ataitwa shujaa kwa Kichina. Kwenye kadi ya kliniki ndilo lililoandikwa.

Akika ambayo tuliiahirisha tumeipanga Jumapili ya tarehe 21 Novemba, kabla mfungo haujaingia. Shehe atalitangaza jina mbele ya watu. Njoo, kaka, usitume udhuru. Bwana Gao naye amealikwa.

Mdogo wako,
Zamda


Kikokoni, Delta
3 Oktoba 1999

Mdogo wangu Zamda,

Marahaba. Mtoto mbusu shavuni kwa ajili yangu.

Wageni wamekuja na wamekwenda, na mimi tangu juzi sijalala sawasawa. Nakuuliza swali moja na nataka unijibu bila kunionea haya: yale maneno una hakika nayo?

Nilijiandaa kama mtu mwenye harusi. Unajua hali yetu. Tangu biashara iwe huria kila mtu anakuja na mzani wake kununua kaa, anapunja, anaondoka. Hawa walisema watanunua mwaka mzima, wataleta na masanduku ya barafu. Nikaona tuwapokee kwa lugha yao. Niliwapanga watoto wa shule pale bandarini mistari miwili, nikawafundisha siku nzima. Boti ilipokaribia wakaanza kwa sauti moja, wanapiga na makofi: Tamade! Tamade! Tamade!

Wageni waliganda. Mzee wao alikuwa ameshainua mguu ashuke, akaurudisha ndani. Kijana mmoja akaangua kicheko mpaka akakaa kwenye sakafu ya boti. Mimi nikadhani ni furaha, nikawaashiria watoto waongeze. Kisha nikasoma hotuba yangu, na mwisho nikamwelekea mzee yule, mkono kifuani, nikamwambia, tamade, wewe na familia yako.

Zamda, yule mzee alinitazama kama mtu niliyemtemea mate. Hawakunywa madafu. Hawakuangalia kaa hata mmoja, na wavuvi walikuwa wamewaweka hai kwenye matenga tangu alfajiri. Sasa wananijia hapa barazani mmoja mmoja, wananiuliza nimewafanya nini wageni.

Kaka yako,
Yassin


Kambi ya Barabara, Kibiti
14 Oktoba 1999

Kaka Yassin, shikamoo, na unisamehe.

Barua yako ilinikuta jikoni. Nimeisoma mara tatu. Kwa bahati wiki ile ile alikuwa ameletwa mkalimani, msichana anaitwa Meilin, Kiswahili amesomea chuoni kwao. Anasema "tafadhali" kwa kila kitu. Nilimngoja aje kuchukua maji ya moto, nikamuuliza tamade ni nini.

Akaweka chupa chini. Aliniuliza nimelisikia wapi. Nikamwambia, hapa, kila siku, na mimi huwaambia nikipakua. Masikio yalimwiva kwa haya, kaka. Akasema ni neno baya, ni la mama. Nikamuuliza, la mama vipi? Akasema, "La kumtukana mtu mama yake. Tafadhali usinilazimishe kulimaliza."

Sikumlazimisha. Nimezaliwa pwani, najua tusi la mama linavyomalizika. Na mimi mwaka mzima nimesimama mbele ya wanaume ishirini, na kanga yangu kichwani, namwekea mtu wali halafu namwambia vile. Na wewe umewaimbisha watoto wa watu. Gwen ni potea mbele yangu. Bendani ni mpumbavu.

Ningeishia hapo. Lakini mtoto alikuwa mgongoni mwangu, na nilikuwa nimeshaanza kuogopa. Nikamuuliza, na wambadani?

Alimtazama mtoto kwanza. Kisha akasema, ni yai la kobe. Nikashusha pumzi, nikasema basi hilo si kitu, hata sisi tunayo majina ya wanyama. Akatikisa kichwa. Kwao wanasema kobe jike hajui mumewe ni yupi. Kwa hiyo yai lake ni mtoto asiyejulikana baba. Akatafuta neno, akalipata, akalitamka vizuri kabisa kama lilivyo kitabuni: "Mwanaharamu."

Kaka, nilimshusha mtoto mgongoni nikamtazama. Alikuwa anacheka. Miezi saba namwita hivyo nikimnyonyesha, namwita hivyo nikimbembeleza. Mama mkwe ameshamtungia wimbo.

Meilin aliniuliza kwa nini nalia, nikamwambia. Amekaa chini palepale kwenye kuni. Amesema ataandika kwa wale wanunuzi wa kaa, awaeleze mlikosea kwa kutojua. Mkubwa wao anamfahamu. Hilo la kwako huenda likapona. La kwangu silijui. Mshamu sijamwambia. Anatembea na lile jina kama mtu aliyevaa kanzu mpya. Nikimwambia bosi wake amekuwa akimwita mwanaharamu mbele ya watu, na kwamba mwanawe kamwita hivyo yeye mwenyewe, sijui atakwenda kufanya nini. Akika imebaki wiki tano. Nishauri.

Zamda


Kikokoni, Delta
23 Oktoba 1999

Zamda,

Nimeisoma barua yako nikatoka nje nikatembea mpaka kwenye mikoko. Nilimwambia mzee wa watu "wewe na familia yako." Mkono kifuani.

Watoto wa shule bado wanaimba. Nimewakataza, wakazidi. Nimemwambia mwalimu mkuu ni wimbo wa siasa uliopitwa na wakati.

Sasa la kwako. Mimi nasema usimwambie Mshamu. Namjua, ni mtu mpole, na mpole akichafuka hana breki. Kuna njia. Nenda kwa shehe kwa siri, mwambie tu kwamba jina hilo halina asili njema. Yeye ndiye alikatae. Amwambie Mshamu kuwa mtoto wa Kiislamu apewe jina la Kiislamu, basi, Mshamu ataona uchungu wa siku mbili, utapita. Kadi ya kliniki tutabadilisha. Hakuna haja ya mtu yeyote Kibiti kujua maana yake. Siri ya wawili watatu inakaa.

Barua hii ukishaisoma ichome jikoni.

Kaka yako,
Yassin


Kibiti
1 Novemba 1999

Shemeji Yassin,

Assalamu alaikum. Ni mimi Mshamu ninayeandika, si dada yako. Barua yako utingo alinikabidhi mimi barabarani. Nikaifungua nikidhani ni habari ya akika, unakuja na mbuzi au huji. Sikuichoma.

Nilikaa juu ya jiwe mpaka wenzangu waliponijia kuniuliza kama naumwa. Unasema mimi nikichafuka sina breki. Huenda. Jioni ile nilimuuliza Zamda akaniambia yote, tangu kobe mpaka mwisho. Sikumgombeza. Sikuweza hata kumtazama mtoto. Nilimzaa kwa ndoa, na mimi nilizaliwa kwa ndoa, mama yangu yuko hai na anaswali. Miezi minane nimeitika. Mtu ananiita mwanaharamu, mimi naitika "naam" na kukimbia.

Shemeji, nilipanga kumwachia Bwana Gao aje kwenye akika. Aje, akae kwenye mkeka, ale pilau yangu, halafu mbele ya shehe na mama yangu nimwambie alitafsiri jina alilonipa. Hivyo ndivyo nilivyopanga siku ya kwanza.

Siku ya pili nilikwenda kazini, na nikamsikia akijitambulisha kwa dereva wa lori la mchanga. Alijipiga kifua, akasema kwa Kiswahili, "Mimi, Mwanahizaya."

Zamda hajakwambia hili, najua, kwa sababu hata yeye analionea haya. Mwaka juzi Bwana Gao alipofika aliomba jina la kienyeji. Alituomba kwa ishara, anajionyesha kifua, anatuonyesha sisi. Mimi ndiye niliyempa. Alikuwa ametuamrisha kuchimba mtaro upya siku ya Ijumaa, nina hasira, nikasema muiteni Mwanahizaya. Watu wakacheka mpaka wakashika matumbo. Nikamwonyesha kwa mikono kwamba ni mtu mkubwa. Akalipenda. Analisema sokoni anaponunua nyanya, wale akina mama wanaitika "karibu, Mwanahizaya" na kuziba midomo kwa kanga. Analisema kituo cha polisi. Watoto wanamwamkia nalo, naye anawapungia mkono.

Yeye alinitukana na machozi yanamtoka. Mimi nilimtukana nacheka. Nimelipindua hili kila upande, sijaona pa kukaa.

Siji kwako kuomba ushauri. Nimekuandikia ili ujue kwamba siri yenu haipo tena, na kwamba iliyopo ni kubwa zaidi.

Shemeji yako,
Mshamu Sadala


Kikokoni, Delta
9 Novemba 1999

Shemeji Mshamu,

Wa alaikum salaam. Nimekosa kwako, kwa kukuficha na kwa kumfundisha dada yangu kukuficha. Sina la kujitetea.

Nitakwambia jambo moja. Wale wanunuzi wa kaa wamerudi juzi. Meilin aliwaandikia. Yule mzee ameshuka kwenye boti akanijia moja kwa moja. Akaniinamia. Kisha akawaonyesha watoto kwa kidole na kucheka, na madafu safari hii alikunywa mawili. Mimi nilikaa siku thelathini na saba nikidhani nina adui. Alichohitaji ni mtu wa kumwambia.

Usiingoje akika. Nenda na Meilin, mchana, mkiwa wachache. Lakini kama unakwenda, nenda na mzigo wote, si wa kwake tu.

Yassin


Kambi ya Barabara, Kibiti
24 Novemba 1999

Kaka Yassin, shikamoo.

Tumekungoja kwenye akika mpaka chakula kikapoa, ndipo ikaja habari kwamba boti imeharibika. Nitakusimulia, maana ulistahili kuona.

Mshamu alikwenda kwa Bwana Gao siku mbili baada ya kupata barua yako. Alinitaka niwepo na mtoto. Tulikuwa wanne ofisini, ile ya bati, na Meilin. Mshamu alimweka mtoto juu ya meza, kati ya michoro ya barabara, akamwambia Meilin, "Mwambie huyu ni mwanangu, na mwambie anaitwaje."

Meilin alisema. Bwana Gao alitabasamu kwanza, nadhani alifikiri hakusikia. Akamfanya arudie. Akarudia. Mara ya tatu alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Kaka, nimewahi kuona watu wakipewa habari ya msiba, lakini sikuwahi kuona uso ukibadilika namna ile. Alinitazama mimi, akamtazama mtoto, akaweka mikono yote miwili mezani kama mtu anayezuia meza isiondoke. Akazungumza kwa muda mrefu bila kuinua kichwa, na Meilin akatufasiria: "Anasema kwao baba yake alimwita hivyo yeye, kila alipopanda juu ya mti mrefu. Anasema siku ile ya rola alikuona umeshakufa. Lilimtoka. Halafu akaona umelifurahia, akaendelea. Anasema hakujua kwamba kuna mtoto."

Mshamu angeweza kuishia hapo. Mimi nilimvuta shati, nakiri, nilitaka aishie hapo. Akautoa mkono wangu. Akasema, "Sasa mwambie Mwanahizaya ni nini."

Meilin hakulijua. Halikuwemo kwenye vitabu vyake. Ikabidi Mshamu amweleze taratibu, kwamba ni mtu aliyelaaniwa, asiye na haya, fedheha ya waliomzaa. Nilimwona binti wa watu analielewa, na nikamwona hataki kulisema. Alimgeukia Bwana Gao, akafungua kinywa, akafunga. Aliposema, alisema kwa sauti ndogo sana.

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Aliuliza ni watu wangapi wanajua. Mshamu akasema, wote. Akauliza, na sokoni? Mshamu akasema, na sokoni. Kisha akanielekezea mimi kidole, akiuliza, na huyu? Kaka, mimi ndiye ninayempelekea chai kila asubuhi. Nikasema ndiyo, nilijua, na nilicheka. Meilin akanong'ona kwamba alilituma jina hilo kwa mama yake, kwenye barua pamoja na picha, akamwambia watu wa huku wamempa cheo.

Aliokota kiti chake, akakiweka vizuri, akatoka. Chakula cha mchana hakuja kula.

Siku tisa zilizofuata kambi ilikuwa kimya. Hakuna gwen, hakuna tamade. Mashine zinalia, watu hawasemi. Vibarua walikuwa wanakosea kazi kwa hofu, maana walikuwa wamezoea kelele zake zikiwaambia pa kuweka mguu. Mshamu alingoja afukuzwe. Hakufukuzwa.

Mama mkwe ilibidi aambiwe. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na mimi niliyeimba?" Akaingia ndani kuswali rakaa mbili, na ule wimbo hajauimba tena.

Siku ya akika hatukumtarajia. Shehe alikuwa ameshaanza kusoma tulipomwona amesimama nje ya uzio na Meilin, amevaa shati jeupe la mikono mirefu, ameshika kitambaa kipya kilichokunjwa, zawadi ya mtoto. Watu wakakatika maneno. Walikuwapo akina mama wawili wa sokoni, wakainamisha vichwa. Mmoja wa vijana, kwa mazoea, akaanza kumkaribisha kwa lile jina, na Mshamu akamfunika mdomo kwa kiganja.

Bwana Gao akasema hodi. Nadhani Meilin alimfundisha njiani. Kisha akasema, neno moja moja, "Mimi naitwa Gao Shulin." Shehe ndiye aliyejibu. Alijaribu kulitamka, akalikosea, akajaribu tena mpaka Meilin alipokubali, kisha akawaambia watu wote walitamke. Tukalitamka, kaka, uwanja mzima, wazee na watoto, kama tuko madrasa. Yeye alisimama akitusikiliza.

Mtoto ameitwa Nassibu. Bwana Gao alikula kidogo, akaaga. Mkono alimpa shehe na mama mkwe. Mshamu hakumpa.

Kazini sasa Bwana Gao anamwita Mshamu. Anasema "Mshamu" polepole, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. Jana usingizi ulimpaa Mshamu, nikamuuliza kinachomsumbua. Akaniambia zamani yule mtu alikuwa akimwita kutoka upande wa pili wa korongo na yeye anajua ni yeye anayetakiwa, si mwingine. Akasema, "Sasa ananiita jina langu, na naona kama ananiita kwa adabu tu."



Mdogo wako,
Zamda


Kibiti
16 Januari 2000

Kaka Yassin, shikamoo, na Idi njema iliyochelewa.

Barabara imefika mbele, kambi inahama mwezi ujao. Mshamu amechukuliwa kwenda nayo. Bwana Gao ndiye aliyeandika majina, na la Mshamu lilikuwa la kwanza. Hakumwambia kitu, alimpa karatasi tu.

Nilikuficha jambo moja kwenye barua yangu iliyopita, kwa kuwa lilinitia uchungu. Mtoto hakulijua jina lake jipya. Tulimwita Nassibu mchana kutwa, mama mkwe upande huu, mimi upande ule, yeye anacheza na vifuniko vya sufuria kana kwamba tunaita mtoto wa jirani. Siku moja nilichoka, nikaona hakuna mtu, nikamwita lile la zamani kwa kunong'ona. Akageuka upesi na mikono juu, nimchukue. Nilimchukua, kaka. Kisha nikaapa nisimwite tena hata nikiwa peke yangu, na nikakaa majuma sita nina mtoto asiyeitika.

Leo asubuhi alikuwa mlangoni anamtazama kuku. Nikamwita Nassibu, bila kutegemea kitu, huku napepeta mchele.

Amegeuka.

Zamda